Kiti Kilicho Kando ya Baba Yake

Nerissa Obusan alikataliwa kugombea siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya vijana kama kumi na wanne waliokuwa kwenye foleni. Mimi nilikuwa nyuma yake nimemshikia mwavuli. Mvua ilitukuta njiani na alitaka mikono yake iwe mikavu atakapotia sahihi.

Afisa wa uchaguzi, bwana mpole mwenye miwani, aliisoma fomu hadi mwisho, akarudi mstari mmoja juu, akauliza, "Isagani Obusan ni nani wako?"

"Baba yangu."

"Si ndiye diwani wa mtaa wenu?"

"Ndiye."

Yule bwana akaigeuza fomu taratibu na kumsogezea. "Pole, binti. Mwenye mzazi kwenye kiti cha kuchaguliwa hawezi kuingia Baraza la Vijana. Sheria iko hivyo kwa kila mtaa nchi nzima. Waliitunga ili familia moja isishike kila kitu."

"Hata diwani wa mtaa? Baba yangu ni fundi wa pikipiki."

"Hata yeye."

Nyuma yetu kijana mmoja alikohoa, na aliyekuwa nyuma yake akauliza kama foleni inasogea au vipi. Nerissa akaikunja fomu mara nne na kuitia kwenye mfuko wa suruali. Mwavuli aliniachia mimi, akaenda zake kwenye mvua.

Naitwa Purita. Huu ni mwaka wa kumi na saba nikiwa karani wa ofisi ya mtaa wa Bagong Sapa, huku Bicol, Ufilipino, na vijana wote huniita shangazi. Nerissa nilimjua akiwa na miaka kumi na tano, mwaka ule kimbunga kilipong'oa mabati na watu wakaja kulala kwenye ukumbi wetu. Wakubwa walikuwa wanagombea magodoro. Yeye aliwakusanya watoto pembeni, akaanika vitabu vilivyolowa kwenye kamba, ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa uliokauka akawasomea. Kimbunga kilipopita, kila Jumamosi aliendelea kuja na watoto wakaendelea kumfuata. Hakuna aliyemlipa na hakuna aliyemtuma.

Tangu wakati huo alitaka kitu kimoja. Kwetu kila mtaa una Baraza la Vijana, na sehemu moja ya kumi ya bajeti ya mtaa ni yao kwa sheria. Mwenyekiti wao huketi meza moja na madiwani na Kapteni, ndiye mkuu wa mtaa, ana sauti na ana kura. Nerissa alitaka kukaa kwenye meza ile. Alikuwa na daftari la jalada la kijani lenye mpango wote: chumba cha kusomea, rafu, feni mbili, ratiba ya walimu wa kujitolea. Alipofika miaka kumi na tisa uchaguzi wa vijana ukaahirishwa. Alipofika ishirini na mmoja ukaahirishwa tena. Sasa alikuwa na ishirini na tatu, na mwisho wa kugombea ni ishirini na nne.

Sheria yenyewe alikuwa ameisoma. Alidhani maneno "kiongozi wa kuchaguliwa" yanawahusu mameya na wabunge, watu wa magari ya vioo vyeusi. Mimi pia nilidhani hivyo, na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kiti cha baba yake alikitafuta yeye mwenyewe. Isagani ni mtu wa kimya, ukimpa kipaza sauti anakitazama kama kitu kilichoharibika. Nerissa ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akimwombea kura, akiwa na miaka kumi na minane. Baba akapita kwa tofauti ya kura ishirini na mbili.

Zilikuwa zimebaki siku mbili za kuchukua fomu. Jioni ile ile alikwenda kwa Dianara Belleza.

Dianara alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Alimsaidia shangazi yake kuuza keki za mchele karibu na kanisa. Alicheka kwa urahisi, insha zake zilikuwa mbaya, na alikuwa na tabia ya kukuuliza jambo kisha kungoja kweli ujibu. Katika daftari la kijani jina lake lilikuwepo, kwenye nafasi ya katibu.

"Chukua fomu wewe," Nerissa alimwambia. "Wewe uwe jina, mimi niwe kichwa."

"Neri, mimi sijui kuongoza hata foleni ya keki."

"Hutaongoza. Utasoma nitakachoandika."

Dianara akachukua fomu. Nerissa akamwandikia hotuba, akambandikia mabango, akapita naye nyumba kwa nyumba. Watu wakampenda Dianara kwa sababu alikaa. Nerissa alikuwa anasimama mlangoni na karatasi, Dianara amekwisha kukaa kwenye ngazi anamenya vitunguu na mama mwenye nyumba. Alishinda kwa kura nyingi kuliko mwenyekiti yeyote wa vijana niliyewahi kumwandikisha.

Siku ya kuapishwa niliwatazama wote wawili. Dianara alikuwa analia na kucheka. Nerissa alipiga makofi vizuri, kwa mdundo, lakini macho yake yalikuwa kwenye meza. Tulikuwa tumeongeza kiti kimoja kwa ajili ya mwenyekiti wa vijana, na kwa jinsi meza ilivyokaa, kiti kile kiliangukia kando ya diwani Obusan. Baba yake akakivuta nyuma ili Dianara aketi.

Ofisi yangu ina dirisha linalotazama ukumbini, kwa hiyo mengi niliyaona.

Mara tatu Dianara alimwomba awe katibu wa baraza, na kazi hiyo sheria haikumkataza. Mara ya tatu walikuwa mbele ya meza yangu.

"Njoo bwana," Dianara alisema. "Barua zinanishinda. Jana nimeandika 'mheshimiwa' kwa makosa mawili."

"Niwe katibu wa katibu wangu?"

Alilisema kama utani. Dianara akacheka, kisha akaacha. Wiki iliyofuata akamchukua binti mwingine.

Halafu ukaja mkutano mkuu wa vijana, wote wa miaka kumi na mitano hadi thelathini. Nerissa alimpa Dianara mpango wa chumba cha kusomea ukiwa umechapwa vizuri, kurasa tisa. Dianara akausoma mbele ya watu, akaushusha, akauliza, "Haya ni mawazo mazuri. Ila nyie mnasemaje?"

Hilo halikuwemo kwenye kurasa tisa.

Akasimama Jonalyn, binti wa miaka kumi na tisa mwenye mtoto mgongoni. "Chumba cha kusoma kizuri. Ila mimi nikija kusoma, huyu nitamwacha wapi?" Watu wakacheka, naye hakucheka. "Nasema kweli. Nataka kufanya ule mtihani wa waliokatiza sekondari. Nyumbani sisomi mistari miwili, anaamka. Tupo wengi." Wakanyoosha mikono mabinti kumi na moja, mimi mwenyewe sikujua kama ni wengi hivyo. Hadi wanamaliza, rafu na feni zilikuwa zimebaki, lakini nusu ya chumba ilikuwa imekuwa mahali pa kulelea watoto wachanga wakati mama zao wanasoma, na Jumamosi ya watoto wa hadithi ilikuwa imehamishiwa Jumapili mchana.

Nerissa alikuwa amekaa safu ya nyuma. Aliniambia baadaye kwamba wazo la Jonalyn lilikuwa jema, alilijua kuwa jema papo hapo, na ndiyo sababu lilimchoma. Kwa miaka minane hakuwahi kuuliza.

Angeweza kuvumilia hayo. Chakula cha jioni ndicho kilichomshinda. Kila siku ya kikao, Isagani, yule mtu wa kimya, alirudi nyumbani na maneno.

"Yule Dianara leo," alikuwa anaanza huku anajipakulia magimbi ya tui, "Kapteni anasema taa za uwanjani zisubiri mwakani. Dianara akamuuliza, Kapteni, binti yako anarudi kutoka shule saa ngapi? Basi. Taa zinawekwa mwezi ujao." Akacheka hadi akapaliwa na pilipili.

Miaka ishirini na mitatu Nerissa alikuwa akijitahidi kumfanya mzee yule acheke mezani. Akanyanyuka, akaosha sahani ambayo bado ilikuwa na chakula.

Wivu wa aina hiyo haulali. Alianza kuhesabu makosa ya Dianara. Alijua kila mara alipochelewa, alijua kila neno alilokosea kwenye mabango. Wakikutana alimkumbatia. Na katika kutafuta huko akakuta jambo moja la kweli. Kwenye daftari la mahudhurio ya mkutano mkuu, vijana saba waliokuwa kazini kwenye shamba la katani walikuwa wameandikiwa majina na wenzao. Dianara hakujua. Nerissa alijua, alikuwa amekaa karibu na daftari.

Barua ilifika ofisi ya vijana ya mji wiki ya pili ya Januari, haina jina. Ilisema mahudhurio ya Bagong Sapa ni ya kughushi, kwamba mkono mmoja umeandika wengi, na kwa hiyo maamuzi ya mkutano ni batili. Wakaja maafisa wawili, wastaarabu tu, wakatazama daftari, wakaona yale majina saba. Wakasema chumba, ambacho kilikuwa tayari, kifungwe hadi mkutano urudiwe na kila mtu aandike jina lake mwenyewe. Walikuwa sahihi. Kufuli likatiwa mlangoni, vitanda vya watoto vikiwa bado vina harufu ya rangi mpya.

Maafisa waliniachia nakala ya barua. Niliigeuza kwenye mwanga nikaona mstari mwembamba wa bluu unaoshuka kulia kwa ukurasa. Mashine ya kuchapa ya ofisini kwangu ina ugonjwa huo tangu tuinunue. Na mtu pekee asiye mfanyakazi ninayemwachia mashine ile ni Nerissa.

Sikusema kitu. Nilijiambia nangoja aje mwenyewe, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Mimi ndiye niliyemshikia mwavuli.

Kupanga mkutano upya kulichukua wiki tano. Katika wiki ya nne ukafika mtihani wa kina Jonalyn.

Siku hiyo Nerissa alikuwa anatoka sokoni, kama saa tano hivi. Njiani akamkuta Jonalyn anatembea kwa miguu kurudi nyumbani, mtoto begani, kalamu mbili bado zimechomekwa kwenye nywele. Mtihani ulikuwa unaisha saa tisa alasiri.

"Mbona mapema?" Nerissa akamuuliza, ingawa nadhani alikwisha kujua.

"Mama mkwe ameumwa ghafla. Nikasema nitaingia na huyu mtoto, labda atalala. Hakulala." Jonalyn akambadilisha mtoto bega. "Msimamizi alivumilia, masikini. Wenzangu ndio walianza kugeuka. Kwenye sehemu ya hesabu nikaona aibu, nikatoka."

"Utarudia."

"Mwakani. Kile chumba kingekuwa wazi leo ningemwacha, walishapanga zamu." Alifuta jasho la mtoto kwa kiganja. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Unajua, dada Neri, ungekuwa wewe mwenyekiti haya yasingetokea. Wewe una mpangilio. Watu wanasema hivyo."

Kwa mwaka mzima Nerissa alikuwa amengoja mtu aseme maneno hayo. Ameniapia kwamba alikuwa akilala anayasikia, kwa sauti ya baba yake, ya Kapteni, hata ya Dianara mwenyewe. Sasa yalikuwa yamesemwa, na aliyeyasema alikuwa amesimama juani na vumbi hadi magotini.

Akampokea mtoto, akambeba hadi kwao. Kutoka hapo akaja kwangu, mikono bado ina harufu ya maziwa.

"Shangazi, ile barua."

"Najua," nikasema. "Mstari wa bluu."

Akaketi kwenye benchi la wageni. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaninyamazia?"

"Ndiyo. Na mimi nina hesabu yangu ya kujibu. Wewe kaanze na yako."

Alimkuta Dianara nyuma ya nyumba ya shangazi yake anaosha mchele wa keki. Nerissa alinisimulia mazungumzo yale zaidi ya mara moja, na kila mara yaleyale, kwa hiyo nayaamini.

"Barua niliandika mimi."

Dianara hakuinua uso. Akamwaga maji meupe, akamimina mengine. "Nilikisia. 'Kwa heshima na taadhima.' Nani mwingine mtaa huu anaandika taadhima?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nione kama utakuja. Wiki nne, Neri. Unanikumbatia kila Jumapili kanisani." Hapo akainuka, mikono inachuruzika. "Nilikuomba mara tatu uje ukae na mimi. Sikutaka kiti kile, wewe ndiye uliyenipa. Halafu nikakipenda. Hilo ndilo kosa langu? Kwamba nilikipenda?"

"Baba anakucheka mezani," Nerissa akasema. Lilimtoka tu. "Namaanisha anacheka. Kwa ajili yako. Kwangu hajawahi."

Dianara akafuta mikono kwenye sketi. "Basi ungenipiga mimi. Jonalyn kakukosea nini?"

Nerissa akasema atasimama kwenye mkutano wa marudio, mbele ya wote, aeleze alichofanya.

"Hapana. Usisimame."

"Nataka walijue."

"Ukisimama, utalia, watu watalia, watakusifu kwa ujasiri, na mkutano utakuwa wako tena. Nimekujua tangu ukiwa kibogoyo. Mwambie Jonalyn, huyo una deni naye. Halafu pita nyumba kwa nyumba ulete watu waandike majina yao. Siku yenyewe ukae kimya."

Alimwambia Jonalyn siku hiyohiyo. Jonalyn alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba aondoke kwenye ngazi yake, akafunga mlango. Nyumbani Nerissa akamwambia baba yake. Isagani aliweka kijiko chini.

"Ulitaka niache kiti?"

"Ungeacha?"

Mzee akafikiri. Sifa yake moja ni kwamba hasemi kitu asichokijua. "Sijui," akasema. Akakishika kijiko tena, akaongeza, "Sikujua kama nilikuwa nacheka hivyo." Wakamaliza kula, na safari hii hakuna aliyenyanyuka mapema.

Kwa siku tisa Nerissa alipita nyumba kwa nyumba, na nyumba za watu wa shamba la katani alizifuata kulekule shambani kabla hawajaanza kazi. Mkutano wa kwanza walikuja themanini na watatu. Wa marudio walikuja mia moja thelathini na mmoja, na kila mmoja aliandika kwa mkono wake, wengine wakichukua muda kweli. Nerissa alikaa nyuma. Watu walipompongeza Dianara kwa mahudhurio, nilimwona Nerissa akiuma shavu kwa ndani. Hakusimama.

Chumba kikafunguliwa. Akajiandikisha zamu za kulea watoto, si za kufundisha, maana za kufundisha zilikuwa zimejaa na aliona aibu kuomba. Jonalyn aliletewa ratiba, akaipitia kwa kidole, akachagua siku ambazo Nerissa hayupo. Akafanya hivyo karibu mwaka mzima.

Mwaka uliofuata Jonalyn alifaulu. Alileta trei ya keki za mchele ofisini, akagawa kwa kila mtu. Akabakiza moja, akaniwekea kwenye karatasi.

"Hii ya Nerissa," alisema. Alikuwa ameacha kumwita dada. "Mwambie siku za Alhamisi, za zamu yake, sasa naweza kuja. Nataka kuanza kuwasaidia wengine hesabu."

"Mwambie mwenyewe, yupo ndani."

"Shangazi, mwambie wewe."

Nikamwambia. Nerissa aliila ile keki amesimama, akamrudia mtoto aliyekuwa akilia.

Sasa ana miaka ishirini na mitano, hawezi tena kugombea hata baba yake akiacha udiwani kesho. Ofisi ya vijana ya mji imemchukua kwa mkataba, anazunguka mitaa kumi na miwili akiwafundisha wenyeviti wapya kuandika barua na kuitisha mkutano. Somo lake la kwanza ni daftari la mahudhurio. Yeye na Dianara husalimiana, hucheka kidogo, hawatembeleani. Dianara anasema labda baadaye.

Mwezi uliopita Bagong Sapa ilipewa tuzo ya baraza bora la vijana la mji. Dianara alipanda jukwaani, Isagani akiwa safu ya mbele anapiga makofi mikono juu ya kichwa, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Nerissa alikuwa kando yangu, anapiga kwa mdundo wake uleule.

"Bado inakuuma?" nikamuuliza chini chini.

"Bado, shangazi," akasema. "Angalia alivyovaa viatu vizuri." Akatabasamu, akaendelea kupiga. Kisha akatazama saa, akasema ana mkutano mtaa wa pili saa nane na mwenyekiti wao mpya ana miaka kumi na minane na hajui aanzie wapi, akachukua mkoba wake akaondoka kabla ya chakula.